Saa Nne ya Mama

Jumapili, tarehe 4 Oktoba

Nesi kaniagiza niandike kila siku hali ya mama: amelalaje, amekula nini, amenijua wakati gani na wakati gani hakunijua. Nimeandika mistari mitatu ya mama, wa nne nikajikuta naandika yangu. Basi iwe hivyo. Nesi atasoma ya kwake, yangu atayaruka.

Mvua ya kwanza ya msimu imepiga tangu alfajiri. Mama hakupenda kelele za bati lakini chai alikunywa yote.

Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Kila usiku alisimama mlangoni kuita majina, na taa haikuzimwa mpaka jina la mwisho liitikiwe. Sasa akili yake inakuja na kuondoka. Asubuhi, kuanzia kama saa tatu, ni mama yangu kabisa: atanisema kwa nini chai haina majani, ataniuliza dukani kumeingia nini. Ikikaribia saa tano anaanza kupotea. Jioni mimi ni "binti", naye hunishukuru kwa upole ambao mama yangu hakuwahi kuwa nao kwangu.

Leo, akiwa mwenyewe, kaniambia, "Kitinda, nataka niwaone nyote watatu kwa mara moja."

"Kuna nini, mama?"

"Nina neno langu."

"Si uniambie mimi niliye hapa? Wengine nitawafikishia."

"Litafika nusu. Na wewe ni mmoja, mimi nimesema watatu."

Kaka yuko magharibi ya mbali, anapanga vifurushi usiku kwenye ghala. Dada yuko mashariki ya mbali, anafundisha watoto wadogo. Mimi, kitinda mimba, niko hapa katikati na duka langu la steshenari na picha za pasipoti, ghorofa ya chini ya nyumba hii hii. Nesi kasema tusizubae. Ile saa yake nzuri itakuwa inapungua, na ikishapungua hairudi.

Jumatano, tarehe 7 Oktoba

Nimefanya hesabu nyuma ya boksi la karatasi. Lazima iwe saa nne asubuhi ya huku, maana hapo ndipo mama yupo. Lazima iwe Jumapili, maana siku nyingine Dada ana watoto wa watu.

Dada hana shida. Kwao wametutangulia kwa saa sita kamili, na kwa kuwa wao huanza kuhesabu usiku wa manane na sisi jua likichomoza, mishale ya saa yake ya ukutani huonyesha namba ile ile tunayoitaja sisi. Kwake ikiwa kwenye nne alasiri, huku ni saa nne asubuhi. Miaka yote hii hajapiga hesabu hata moja. Anatazama ukuta, basi.

Kaka ndiye mwenye mambo. Kwake wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo saa nne yetu ya asubuhi inamkuta saa tisa ya usiku. Nimemwandikia: Jumapili, saa nne asubuhi, mama anatutaka wote, usikose. Kajibu kwa picha ya dole gumba. Dole gumba ndiyo mchango wake katika familia hii tangu aondoke.

Jumapili, tarehe 11 Oktoba

Sikujua kwamba naweza kumchukia ndugu yangu wa tumbo moja. Leo nimejua.

Saa nne kamili mama alikuwa kitini, kompyuta mbele yake juu ya meza ya kupigia pasi. Dada aliingia na tabasamu lake. Mama akaita kama enzi zake: "Mkubwa?" Kimya. "Mkubwa?" Akanigeukia. "Hayupo huyu. Tusubiri." Tukasubiri mpaka akaanza kuniuliza wasichana wote wamesharudi kutoka maktaba, nikajua ndiyo basi.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Kaka huyo, shati jeupe, nyuma yake dirisha linawaka jua. "Shikamoo mama! Nimewahi!"

Mama akajiweka sawa kitini. "Marahaba, bwana mkaguzi. Mabweni ni safi. Karibu uone mwenyewe."

"Mama, ni mimi, Mkubwa."

"Ndiyo, bwana. Vitanda vyote vimetandikwa."

Nikachukua simu, nikatoka nayo kwenye ngazi. Nilimpakulia bila kupima.

"Kitinda, uliandika saa nne asubuhi," akasema. "Hapa ni saa nne asubuhi. Nimeamka, nimeoga, nimekaa."

"Saa nne ya nani?"

"Hukusema ya nani."

"Kwani mama yuko huko kwako, kaka? Mama yuko wapi?"

Sikungoja jibu, nilikata.

Jumatatu, tarehe 12 Oktoba

Mvua. Mama kanijua tangu saa tatu hadi saa nne na nusu. Kaka katuma dole gumba. Sijui la nini.

Jumapili, tarehe 18 Oktoba

Umeme ulikatika saa nne kasoro dakika kumi, na mtandao ukaenda nao. Mama aliitazama skrini nyeusi muda mrefu, akasema, "Wamelala mapema leo." Dada kaniandikia kwamba alituona kwa sekunde chache tu, vinywa wazi.

Alhamisi, tarehe 22 Oktoba

Shule ziko kwenye mitihani, duka limejaa walimu wanaotaka kila kitu jana. Mashine ya fotokopi imekula karatasi mara nne. Mama alipiga ubao wa sakafu kwa fimbo kuniita, nikapanda ngazi mbiombio nikamkuta anataka tu kujua kama mvua imepita. Nilimjibu vibaya. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia kidogo, nikashuka.

Najiuliza wakati mwingine. Nami niliwahi kupata nafasi ya chuo, mbali, kama wao. Baba akafariki mwezi ule ule, na hakuna aliyeniambia baki wala nenda. Nilibaki tu, kama kiti kinavyobaki.

Jioni nimempigia Kaka. Nimemsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza: saa tisa yako ya usiku ndiyo saa nne yangu ya asubuhi. Rudia. Akarudia. "Tisa kwa nne," akasema. "Nimeweka alamu kwenye simu, nimeandika na ukutani. Zamu ya Jumamosi inaisha saa nane usiku, nusu saa niko nyumbani. Tisa kwa nne, Kitinda. Hata ukiniamsha kaburini nitakwambia."

"Usiguse hiyo alamu."

"Siigusi."

Jumapili, tarehe 25 Oktoba

Wote! Wote watatu, saa nne kamili, mtandao safi, mvua imejizuia kwa heshima.

"Mkubwa?"

"Nipo, mama."

"Dada?"

"Nipo, mama."

"Kitinda?"

"Nipo hapa, pembeni yako."

"Nakuona. Nilikuwa nakamilisha." Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya shali. Kaka alikuwa amevimba macho kwa usingizi, ndevu zimeingia mvi ambazo sikuzijua. Alimsimulia mama habari ya msimamizi wao wa ghala, anayewafungia simu kabatini kama wanafunzi. Mama akasema huyo msimamizi ana akili.

Tukawa tunangoja. Dada akashindwa kuvumilia: "Mama, ulisema una neno."

Mama akajishika kichwani. "Leo? Na nywele hizi? Sitoi neno la kuagana na wanangu kichwa kikiwa hivi. Jumapili ijayo. Leo acheni niwaangalie tu."

Neno la kuagana. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kwenye skrini Kaka aliinamisha kichwa, Dada akajifanya anatafuta kitu mezani. Mimi nilisema Jumapili ijayo nitamsuka mwenyewe. Tulikaa hivyo mpaka saa tano kasoro, tukizungumza mambo ya mvua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga.

Jumamosi, tarehe 31 Oktoba

Nimemsuka mama mistari minane, myembamba. Kaniambia namvuta. Nguo ya bluu nimeinyoosha. Nimemwandikia Kaka: tisa kwa nne. Kajibu: tisa kwa nne. Mwaka huu wote sijawahi kulala na roho nyepesi kama leo.

Jumapili, tarehe 1 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu mama aliamka akiwa yeye kuliko siku nyingi zilizopita. Alivaa nguo ya bluu, akataka kioo, akataka mafuta ya mkono. Aliniuliza kama nimefungua dirisha ili uso wake uonekane vizuri huko kwao. Saa nne kamili Dada akaingia, naye kajipamba. Mama akanyoosha mgongo.

"Mkubwa?"

Kimya.

Nikasema anapanda ngazi huyo, dakika mbili. Zikapita mbili, zikapita kumi. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Mara ya tatu haikuita kabisa, ilikuwa imezimwa.

"Mama, anza tu," Dada akasema. "Tunarekodi. Atasikiliza."

"Sijawahi kuzima taa mtu hayupo."

"Mama, tafadhali." Hapo nilikuwa mimi. Nilipiga magoti kabisa mbele ya kiti chake. "Tuambie sisi wawili. Huyo ndivyo alivyo, si unamjua."

"Namjua," akasema, "ndiyo maana namngoja."

Tukangoja. Kwanza alikaa wima, mikono mapajani. Saa nne na nusu akaanza kupapasa pindo la nguo ya bluu. Dada akawa anamwimbia, anamwita, anamchekesha, chochote cha kumshika. "Mama, niangalie mimi. Mama, mimi nani?" Mama alimwangalia kwa adabu. Kisha akakuta uzi uliolegea kwenye pindo, akauvuta, akauvuta, na macho yake yakaondoka. Nililiona hilo. Niliona yakiondoka, nikiwa nimemshika mikono.

Saa tano kasoro dakika tatu skrini ikagawanyika, Kaka akatokea. Suti. Kaka yangu alivaa suti na tai, usiku wa manane huko kwao, kapiga pasi mpaka kola imesimama. Anatabasamu.

"Nimewahi kabla ya saa, au siyo? Shikamoo mama!"

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa na uzi wake.

Sikumbuki yote niliyosema. Nilisema umetuua. Nilisema umemngojesha mama yako saa nzima kama ombaomba, nilisema hiyo suti uihifadhi utazikia. Dada alikuwa analia, "Kitinda basi, Kitinda basi." Kaka alishika simu yake, bado imechomekwa kwenye chaji, akaileta karibu na kamera.

"Saa tisa," akasema. "Soma mwenyewe. Ndiyo kwanza inagonga saa tisa. Tisa kwa nne!"

"Hapa ni saa tano!"

"Haiwezekani."

"Mtazame mama yako uone kama haiwezekani."

Akamtazama. Aliinama mpaka uso ukajaa skrini nzima. Mama akainua macho hatimaye, akasema kwa sauti ya chini, ya kumtuliza, "Usilie, bwana mkaguzi. Yatakwisha."

Nikafunga kompyuta.

Jumanne, tarehe 3 Novemba

Sikupokea simu zake jana. Leo kanitumia sauti, nikaisikiliza dukani nikiwa nakata picha za pasipoti. Niliharibu picha za wateja wawili.

Kumbe huko kwao, kila mwaka baridi ikikaribia, hurudisha saa nyuma. Nchi nzima, usiku mmoja, wanakubaliana kwamba saa iliyokwisha irudiwe. Na usiku wenyewe ulikuwa ule, kabla tu ya kikao chetu. Simu yake ikajibadilisha yenyewe, na alamu ikangoja saa tisa mpya, ambayo kwetu ni saa tano. Wakati sisi tunampigia, alikuwa bado kwenye foleni ya kutoka ghalani, simu iko kabatini, na chaji ikaisha humo humo.

"Nilijua kwamba saa inarudi," anasema kwenye sauti ile. "Wenzangu wote walikuwa wanaizungumza. Nilijua, Kitinda. Kila mwaka inarudi. Ila sikukumbuka kwamba nyinyi huko hamrudi nasi."

Sikuamini. Nilimuuliza mwalimu wa jiografia aliyekuja kuchapa mtihani, akacheka, akasema ni kweli kabisa. Nikamuuliza, jua je, nalo linarudi? Akaniambia jua halina habari.

Nilitaka kuendelea kukasirika. Hasira ilikuwa inanishika mgongo. Sasa nimebaki na suti ile tu, na kola iliyosimama.

Jumapili, tarehe 8 Novemba

Hesabu mpya: nane kwa nne. Lakini saa nane ya usiku ndiyo zamu yake inamalizika, kwa hiyo Kaka alificha simu isiende kabatini, akatoroka kabla, akajibanza kwenye ngazi za dharura na fulana yake ya machungwa. Kila mlango ulipofunguka juu yake, alizima kamera.

Mama ana homa ya kifua tangu Alhamisi. Alikuwa kitandani, macho yamefumba. Kaka alisema, "Usimwamshe. Niwekee simu hapo juu ya mto tu." Nikaiweka kwenye mto. Tulisikiliza pumzi zake, mabara matatu.

Alhamisi, tarehe 12 Novemba

Homa imeshuka. Mvua haijakatika siku nzima. Hakunijua hata asubuhi.

Jumapili, tarehe 15 Novemba

Nesi alikuja, akampima, akakaa na mimi jikoni. Kasema ile saa nzuri nisiitegemee tena. Inaweza kuja alasiri, inaweza kuja alfajiri, inaweza isije wiki nzima. "Acheni kupangiana vikao," akasema. "Akiwepo, mtumieni hapo hapo."

Niliwaambia wenzangu. Dada akasema ataacha simu mfukoni hata darasani. Kaka akasema, "Piga wakati wowote. Mimi nipo."

"Na kabati la msimamizi?"

"Hilo niachie mimi."

Baadaye Dada akanipigia peke yangu. Kwamba Kaka kaomba kuhamishiwa nje, kwenye kupakia magari, kazi wanayopelekwa wapya na wenye adhabu, kwa sababu huko nje simu hazifungiwi. Baridi imeshaanza kuuma kwao, na yeye mgongo wake si wa kupakia. "Kaniapisha nisikwambie," Dada akasema. "Anasema utamcheka."

Sikucheka. Huyu ndiye niliyemwita mtu wa dole gumba. Nilimtumia ujumbe kumwambia avae soksi mbili. Kajibu kwa dole gumba, na safari hii nililitazama mpaka skrini ikazima.

Ijumaa, tarehe 20 Novemba

Alfajiri aliniita kwa jina. Nilipiga simu hapo hapo. Walipokuja wote wawili alikuwa amelala tena.

Jumatano, tarehe 25 Novemba

Hakuna.

Jumapili, tarehe 29 Novemba

Nesi, haya usiyasome. Au yasome, mimi nimechoka kuficha.

Mvua imekatika tangu juzi. Asubuhi nilikuwa naanika mashuka nikasikia fimbo inagonga sakafu. Nikaingia. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, anatafuta viatu.

"Watoto wako wapi?" akasema. "Nina neno nao."

Sauti ilikuwa ile ya mlangoni mwa bweni. Nilimweka kitini, nikamfunika shali, nikapiga. Dada akatokea kabla sijamaliza kuvuta pumzi, ukutani kwake mshale kwenye nne. Kaka akatokea kati ya magari mawili makubwa, mvuke unamtoka mdomoni, theluji begani. Mtu alimfokea kwa nyuma, naye akamwinulia mkono bila kugeuka.

"Mkubwa?"

"Nipo, mama."

Alimtazama. "Umezeeka. Vaa kofia." Kaka akavunjika pale pale, machozi yakamtoka. "Dada?"

"Nipo, mama."

"Kitinda?"

"Nipo, mama," nikasema. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, mkono wangu uko begani kwake.

Akanigeukia. "Binti, ngoja kwanza. Naita wanangu." Akairudia skrini. "Kitinda?"

Kaka alisogeza uso kwenye kamera.

"Mama, huyo hapo," Kaka akasema. "Huyo aliyekushika ndiye Kitinda."

"Huyu ni binti anayenisaidia. Mzuri sana, simlaumu kwa lolote. Namuulizia mdogo wenu." Akaanza kuhangaika na shali. "Yuko wapi? Mbona hamumuulizii? Siwezi kuanza hayupo."

Niliona mikono inaelekea kwenye pindo. Niliijua ile safari. Dada alikuwa ananitazama kupitia skrini, na nadhani tulilifikiria jambo moja kwa pamoja, maana alitikisa kichwa kidogo: nenda.

Nikamwambia mama, "Ngoja nikuitie," nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikaingia kwenye kikao kwa simu yangu. Niliona uso wangu ukitokea kwenye pembe, nywele ovyo, sabuni shavuni. Ukutani nikasikia kiti cha mama kinalia.

"Huyo!" akasema. "Huyo ndiye! Kitinda!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wapi, tunakungoja?"

Sauti yake ilinifikia mara mbili, kwanza kupitia ukutani, kisha simuni imechelewa kidogo.

"Nilikuwa mbali, mama. Nisamehe."

"Haya. Mmetimia." Akapumua. "Neno langu si refu. Mkubwa, Dada. Mnakaa huko mnajilaumu, nawajua. Baba yenu alikataa msiende. Mimi ndiye niliyewafungia mizigo usiku, nikawatoa. Hamkunikimbia, niliwapa ruhusa. Kwa hiyo siku nikiondoka na hampo, asije mmoja akajipiga kifua. Ruhusa haijaisha. Mmesikia?"

Wakaitikia. Kaka alikuwa amechuchumaa kwenye theluji.

"Wewe Kitinda ndiye uliyeniumiza roho. Wewe peke yako sikukufungia mzigo. Ulitaka kwenda, nikaona, nikajifanya sioni, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu na nyumba. Mtoto hakuuliza, na mimi sikusema. Hata asante sikusema." Akapapasa pindo la shali. Nikadhani ameondoka. "Sasa nasema. Asante. Na ruhusa yako ni hii, nakupa mbele ya wenzako. Nenda unakotaka, mwanangu. Mimi yupo binti hapa ananitazama."

Niliziba mdomo kwa kiganja. Upande wa pili wa ukuta, hatua tano kutoka kwangu, mama yangu alikuwa anakohoa na sikuweza kwenda kumshika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Asante, mama."

"Mbona unalia? Huko uliko ni saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Ah," akasema, akafurahi kweli. "Kumbe kama hapa."

Aliwaambia Kaka na Dada walale, akawaaga kwa mkono. Skrini zao zikazima, moja halafu nyingine. Niliosha uso kwenye karo, nikaufuta kwa gauni, nikafungua mlango.

Alikuwa kitini, uso wake umeng'aa, mikono imetulia mapajani. Alinitazama nikiingia, akanitengea nafasi nikae.

"Karibu, binti," akasema. "Umepishana na mwanangu sasa hivi tu."

Nikamwambia hakuna shida, nitamkuta siku nyingine, nikamrudishia shali mabegani.